Barua ya wazi kwa wasimamizi wa kurasa za mashabiki: michoro yetu ina wenyewe

YAH: KUTUMIA MICHORO YA MASHABIKI BILA IDHINI YA WALIOICHORA

Ndugu wasimamizi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nawaandikia ninyi mnaoendesha kurasa za mashabiki: za soka, za wanamuziki wa Bongo Fleva, za tamthilia, za anime, yaani katuni za Kijapani. Nawaandikia pia maofisa habari wa vilabu, maana ninyi mkifanya jambo leo, kesho kurasa za mashabiki zinaliiga. Mimi ni shabiki kama ninyi, nachora, na sina ugomvi na mtu. Lakini kuna tabia imekomaa na sasa inaonekana kama ndiyo utaratibu: mchoro wa mtu unachukuliwa bila kuombwa, unapostiwa bila jina lake, na mara nyingine jina linafutwa kwanza ili nembo ya ukurasa ikae mahali pake. Naomba muikomeshe. Uwezo huo mnao ninyi, kwa sababu wafuasi wenu hujifunza kwenu nini kinafaa na nini hakifai.

Anayetaka kuiona tabia hii kwa ukubwa wake asubiri wiki ya dabi ya Kariakoo. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936, na watani hawa wamerushiana vijembe kwa kila njia iliyokuwepo, kuanzia nyimbo za majukwaani hadi vibonzo vya magazetini. Siku hizi imeongezeka michoro ya mashabiki. Mechi ikikaribia, vijana wenye mkono wa kuchora hawalali. Mmoja anamchora mshambuliaji akiwa na manyoya ya simba mabegani, mwingine anamchora kipa akiwa hewani na jukwaa zima la njano na kijani nyuma yake. Wapo wanaotumia peni tupu ya wino wa bluu. Wapo wasio na kitu zaidi ya simu ya kawaida na kidole, wanachora kwenye ibisPaint, programu ya kuchorea, mpaka betri inakata. Mchoro ukitoka jioni, asubuhi uko kila mahali, na ukiuliza ni wa nani, hata aliyeuposti wa kwanza hana jibu.

Niwaeleze mchoro mmoja unavyopatikana, kwa sababu nadhani wengi wenu mnauona ukiwa umekamilika tu.

Kuna kijana mtaani kwetu, Temeke, ambaye nimewahi kukaa pembeni yake akichora golikipa. Alianza kwa kuchora miraba midogo kwa penseli hafifu karatasi nzima, kama hamsini hivi kwenda juu, akaanza na jicho la kushoto. Anasema jicho likikataa, hakuna haja ya kuendelea. Ngozi aliichora kwa penseli ya 2B, kivuli cha chini ya kidevu kwa 6B iliyo nyeusi zaidi, nywele kwa 8B iliyo nyeusi kuliko zote, na katikati ya hapo alikuwa akiviringisha tishu kuwa kijiti chembamba na kuisugulia polepole ili mistari iyeyukiane. Kifutio alikuwa amekikata ncha kwa wembe. Kwa ncha hiyo alinyanyua unga wa penseli nukta moja tu, kwenye paji la uso, na papo hapo tone la jasho likatokea. Kazi yenyewe ilimchukua siku kadhaa, akiichora usiku baada ya kutoka kwenye shughuli zake za kutafuta riziki. Saini yake hakuiweka pembeni chini kama zamani, kwa sababu saini za pembeni zilishakatwa mara nyingi. Aliificha ndani ya mkunjo wa mkono wa jezi, herufi ndogo zinazofuata mkunjo wenyewe.

Mchoro ule ulipostiwa na ukurasa mmoja mkubwa wa mashabiki ndani ya siku mbili. Mkunjo wa jezi ulikuwa na doa la kijivu. Mtu alikaa, akakuza picha, akaiona saini, akatumia kifaa cha kufutia vitu kwenye picha, akahakikisha haisomeki, kisha akaweka nembo ya ukurasa kutoka kona hadi kona. Huyo hawezi kusema hakujua mchoro una mwenyewe. Alijua, na kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kumwondoa.

Chini ya posti ile kulikuwa na pongezi mamia. Katikati ya pongezi hizo kuna mama aliuliza: "Jamani, nani kachora hii? Nataka anichoree marehemu baba yangu." Ukurasa ulimjibu kwamba picha imetolewa mtandaoni. Hapo ndipo mchoraji alipopoteza hela, na ndipo mimi nilipoamua kuandika barua hii. Wachoraji wengi wa nyuso hapa kwetu hawaishi kwa michoro ya wachezaji. Mchezaji ni tangazo. Wanaishi kwa oda: picha ya harusi, zawadi ya mahafali, sura ya mzazi aliyetangulia mbele ya haki na familia imebaki na picha moja ndogo ya kitambulisho. Mteja wa namna hiyo alikuja mwenyewe, akauliza mwenyewe, na mlango ukafungwa na mtu ambaye kutaja jina kusingemgharimu hata senti.

Kwa hiyo mnapoandika "tunakutangaza, hutaki kutangazwa?", tafadhali fikirini mnachotangaza. Tangazo lisilo na jina wala namna ya kumpata mwenye kazi linautangaza ukurasa peke yake. Na lile neno mlilozoea kuliweka chini, "picha kwa hisani ya mtandao", halimtaji mtu yeyote. Mtandao haujawahi kushika penseli.

Kuna sababu ya kiufundi inayofanya jina lililoandikwa liwe na uzito hivi. Faili la picha linaweza kubeba ndani yake taarifa za aliyeitengeneza, lakini ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida taarifa hizo zinaondolewa, na mitandao mingi ya kijamii nayo huziondoa mtu anapopakia. Mkipiga skrinishoti ndiyo kabisa, hakuna kinachobaki. Kinachobaki ni vitu viwili tu: saini iliyo kwenye mchoro wenyewe na maneno mnayoandika chini yake. Mkikata cha kwanza na kutoandika cha pili, mchoro unakuwa yatima, na kila atakayeuchukua kwenu atasema kwa ukweli kabisa kwamba hakumjua mwenyewe.

Hili la jina si jambo la kigeni lililoletwa na mitandao. Watunzi wa tenzi wa Pwani walikuwa wakijitaja kwenye beti za mwisho, pengine na jina la baba na mji, kwa sababu walijua utenzi utanakiliwa na kughaniwa na watu ambao hawatakutana nao kamwe. Washairi wa magazetini waliendeleza desturi hiyo: shairi likiisha, jina na mahali anapoishi mshairi vinafuata. Katuni za Masoud Kipanya na za Gado zina saini, na msomaji angeshangaa kuona gazeti limeikata. Mtu aliyekariri shairi la mwingine na kulighani barazani hakuitwa mwizi, alisifiwa kwa kumbukumbu yake, mradi ule ubeti wa mwisho aufikishe. Nasi hatuombi michoro ifungiwe kabatini. Tunataka isambae, na jina lisambae nayo.

Sasa nije kwenye swali ambalo najua mtaniuliza, na ni swali la haki: "Ninyi wachoraji mliomba ruhusa kwa nani? Sura ni ya mchezaji, nembo ni ya klabu, na pozi lenyewe mmelitoa kwenye picha iliyopigwa na mpiga picha aliyekuwa amekaa chini nyuma ya goli Uwanja wa Benjamin Mkapa."

Ni kweli. Wengi wetu tunachora kutoka kwenye picha za watu, na wengi wetu hatumtaji mpiga picha. Hilo ni kosa letu sote tunaochora, na siwezi kuwaandikia ninyi nikalinyamazia. Mchoraji anayedai jina lake liandikwe aanze yeye kuandika la mpiga picha: "nimechora kutoka picha ya fulani". Akimjua, amwombe. Akiambiwa hapana, atafute picha nyingine au achanganye marejeo matatu manne mpaka pozi liwe lake. Klabu nayo ikisema haitaki nembo yake kwenye michoro inayouzwa, tuisikilize, kwa sababu nembo ni mali yake na fulana za klabu ni mapato yake.

Lakini haki hizi zinakaa pamoja, moja haiimezi nyingine. Mkataba wa Berne wa 1886 kuhusu kazi za sanaa na maandishi unasema wazi kwamba kazi iliyogeuzwa kutoka kazi nyingine inalindwa kama kazi kamili, bila kugusa haki ya ile ya mwanzo. Haki ya mpiga picha haifi kwa sababu mimi nimechora, na mistari niliyoichora haigeuki kuwa ya kila mtu kwa sababu nilianzia kwenye picha yake. Mwenye nembo anaweza kunizuia. Mpiga picha anaweza kunizuia. Mwenye ukurasa hapati haki hiyo kwa kupitia migongo yao, kwa sababu yeye hakupiga picha, hakubuni nembo, na hakuchora.

Sheria za kwetu zinalingana na hilo. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Berne 1994, Kenya 1993. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, ya mwaka 1999, inaipa kazi ya sanaa ulinzi mara tu inapotengenezwa. Mchoro hausubiri kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndipo uwe na mwenyewe, ingawa usajili husaidia ushahidi likitokea la kutokea. Zaidi ya haki za kuuza na kunakili, sheria inampa mtunzi haki ya kutajwa kuwa ndiye aliyeifanya kazi na haki ya kupinga isiharibiwe kwa namna inayomvunjia heshima. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA. Kenya, marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Hakimiliki yaliweka utaratibu wa mwenye kazi kupeleka taarifa kwa mtoa huduma wa intaneti, na maudhui yanayolalamikiwa kuzuiwa ndani ya saa 48 za kazi.

Nayataja haya ili mjue hatuombi fadhila. Hata hivyo sitaki tufikishane huko. Kijana wa Temeke hana muda wa kuzungushana na ofisi wala hela ya wakili, nanyi wengi wenu mnaendesha kurasa hizi bila mshahara, kwa mapenzi tu. Mambo haya yanaweza kumalizwa kwa adabu ya kawaida kati ya shabiki na shabiki.

Adabu yenyewe si ngumu. Mkiupenda mchoro, tumieni kitufe cha kushiriki ambacho mtandao wenyewe umekiweka. Posti inatoka na jina la mwenyewe likiwa juu yake, na hapo sijawahi kusikia mchoraji akilalamika. Instagram tangu 2021 inaruhusu posti moja kuwa ya akaunti mbili kwa pamoja: mnamwalika mchoraji, anakubali, posti inaonekana kwenu na kwake, na pongezi zote zinahesabiwa mahali pamoja. Nawashangaa kurasa ambazo hazijaijaribu njia hii, kwa sababu mnapata mchoro, mnapata na wafuasi wa mchoraji.

Mkitaka kuupakia upya kwenye ukurasa wenu, andikeni kwanza inboksi. Ujumbe wa mistari miwili unatosha: "Habari ndugu, tumeupenda mchoro wako wa kipa. Tunaomba kuuposti kesho, tutaandika jina lako na kukutagi, unaruhusu?" Wachoraji wengi watajibu ndiyo kabla hamjaifunga simu. Asipojibu, hilo si ruhusa. Subirini au tafuteni mchoro mwingine. Akikubali, jina liandikwe mstari wa kwanza wa maelezo, si chini kabisa baada ya hashtagi thelathini ambako hakuna anayefika. Mchoro ukae kama ulivyo, bila kukatwa, bila kubadilishwa rangi ya jezi ili utani ugeuke, bila kupitishwa kwenye programu za akili unde ili utoke "mpya". Hilo la rangi ya jezi linauma kuliko mnavyodhani. Mtu amechora kwa mapenzi ya timu yake, anaamka anaukuta mchoro wake umevishwa rangi za mtani na unatumika kuwakejeli wenzake.

Na mkiletewa mchoro na mfuasi kwenye grupu la WhatsApp, hamjui umetoka wapi, upitisheni kwenye Google Lens, inayotafuta mtandaoni picha inayofanana, kabla ya kuupandisha. Inachukua muda mfupi na mara nyingi itawafikisha kwenye posti ya kwanza. Isipowafikisha, msiuposti. Ukurasa hautakufa kwa kukosa mchoro mmoja.

Picha ya wasifu ya mtu binafsi, mtu mmoja mwenye wafuasi mia mbili aliyeweka mchoro wa msanii anayempenda, kwangu si jambo la kugombana. Akiniandikia nitafurahi, akiweka jina langu kwenye maelezo yake nitafurahi zaidi. Ukurasa wa watu laki moja ni jambo jingine, na kava ya ukurasa huo ni jambo jingine kabisa.

Kuchapa na kuuza, hapo hakuna mjadala. Kila msimu naona fulana, stika za bodaboda na makava ya simu yenye michoro ya vijana ninaowafahamu, ikiwa imepostiwa kwanza kwenye kurasa za mashabiki ikiwa na ubora mkubwa na bila saini. Mchapaji anachukua pale pale, kwa sababu mmeshamwandalia. Sisemi mnashirikiana naye. Nasema mchoro uliosafishwa jina ndio unaomfaa, na mliousafisha ni ninyi. Kama ukurasa wenu wenyewe unataka kuuza fulana, mwiteni mchoraji mkubaliane bei au mgao, mwandikiane, hata kwa ujumbe wa simu, idadi ya fulana na muda wa kuziuza. Shukrani hailipi kodi ya chumba.

Kwa kurasa za anime nina neno la ziada. Michoro mingi mnayoposti ni ya mashabiki wa Japani, mingi imetoka Pixiv, mtandao wa wachoraji wa huko, na wachoraji wengi kule huandika kwenye wasifu wao kwamba hawaruhusu kazi zao kupakiwa upya bila idhini. Kutoisoma lugha yao si kibali. Wapo walioondoa kazi zao mtandaoni kwa kuchoshwa na jambo hili, na aliyepoteza ni shabiki wa kweli aliyekuwa akizifuata. Huko huko Japani kuna mfano mzuri wa kuiga. Mwaka 2007 kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo ilimtoa Hatsune Miku, sauti ya kompyuta yenye sura ya msichana, na mara mashabiki wakaanza kumchora, na wengine wakaichukua michoro hiyo kutengenezea video. Desemba ya mwaka huo huo kampuni ilifungua tovuti iitwayo Piapro, mahali ambapo mchoraji anaiweka kazi yake na kuchagua mwenyewe masharti: jina langu litajwe, usiibadilishe, usiiuze. Anayetaka mchoro wa video yake anajua pa kuuchukua na kwa masharti gani. Kampuni ingeweza kuwapiga marufuku wote, ikachagua kuwawekea utaratibu.

Vilabu vyetu vinaweza kufanya hivyo kwa kiwango chetu bila tovuti yoyote. Ofisa habari akitangaza mwanzoni mwa msimu kwamba klabu inapokea michoro ya mashabiki kwenye anwani fulani, kwamba kila utakaotumika utatajwa jina la mwenyewe, na kwamba nembo inaruhusiwa kwenye michoro isiyouzwa, nusu ya fujo hii inaisha. Wachoraji watajua mpaka wao, na kurasa ndogo zitapata pa kuchukua. Kanuni hiyo hiyo kila msimamizi aibandike juu ya ukurasa wake, mistari mitatu tu, ili hata mfuasi anayeleta mchoro ajue ataulizwa: umechora wewe? Kama si wewe, ni nani, na amekubali?

Na mchoraji akija kwenu akasema "huu ni wangu, naomba uondoeni", uondoeni siku hiyo hiyo. Msimblock. Msimwambie aonyeshe cheti. Mwombeni picha za mchoro ukiwa nusu au faili la programu ya kuchorea lenye tabaka zake. Mchoraji wa kweli huwa nazo, na aliyeiba hana.

Dabi ijayo haiko mbali. Kabla haijafika, naomba kila msimamizi apitie michoro aliyoposti msimu huu, aandike majina anayoyajua, aondoe ile aliyoombwa kuiondoa, na ile asiyoijua aikusanye kwenye posti moja awaulize wafuasi wake ni ya nani. Watawatambua, mikono ya wachoraji wetu inajulikana. Wachoraji wenzangu nao nawaomba wajitokeze chini ya posti hizo kwa ustaarabu, bila matusi, na picha za kazi ikiwa nusu. Ukurasa wowote utakaotaka msaada wa kumtafuta mwenye mchoro unitumie, nitautafuta nao.

Wenu katika ushabiki,
Mchoraji, Dar es Salaam